BUSTANI NA KIJITO
Fundisho kwa washarika na walimu juu ya kulima pasipo kuiharibu nchi

Masomo: Mwanzo 2:8–15, Kumbukumbu la Torati 20:19–20, Ezekieli 34:17–19, Luka 13:6–9.

Twaomba walimu wanaotumia ukurasa huu katika mafundisho ya mitaani wayasome kwanza masomo haya kwa sauti mbele ya watu, ndipo waendelee na maneno yetu. Maana maneno yetu ni maelezo tu, bali msingi uko katika Neno. Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya bustani za mboga na matunda: jinsi ya kuzilima ili zitulishe leo, tena ziwalishe watoto wetu watakapokuwa wazee.

I. Kazi mbili, si moja

Katika Mwanzo sura ya 2 twasoma ya kwamba Mungu alipanda bustani, akamweka mtu ndani yake, akampa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Angalieni kwamba amri hii ilitolewa kabla ya anguko. Basi kulima si laana, kama wengine wanavyodhani. Jasho na miiba vilikuja baadaye, lakini kazi yenyewe ni heshima aliyopewa mtu tangu mwanzo. Tena angalieni kwamba kazi ni mbili. Wengi wetu tumeishika ile ya kwanza kwa bidii, tukaisahau ya pili. Twajua kulima, kutunza hatujui, au twajua lakini hatupendi, kwa sababu kulima hulipa mwaka huu, na kutunza hulipa miaka ijayo.

Katika Kumbukumbu la Torati Mungu anawakataza Waisraeli kuikata miti ya matunda wanapouhusuru mji wa adui. Kama hata vitani mti wa adui ulihurumiwa, je, wakati wa amani tutaukata mti wa mtoto wetu wenyewe kwa ajili ya magunia machache ya mkaa? Na katika Luka Bwana wetu anamtaja mtunza shamba aliyeuombea mtini mwaka mmoja zaidi, akaahidi kuupalilia na kuutia samadi. Bwana aliijua kazi ya bustani, wala hakuona aibu kuitaja samadi katika mahubiri yake.

Kumbukeni pia Katekisimo Ndogo. Katika maelezo ya ombi la nne Dk. Martin Luther hakuhesabu chakula peke yake kuwa mkate wa kila siku. Alihesabu pamoja nacho shamba, na hali njema ya hewa, na majirani walio waaminifu. Neno hili la majirani tulishike, maana tutalirudia.

II. Nchi tuliyopewa

Sisi wa Ulemo, na Iramba yote, twakaa katika nchi yenye mvua chache. Katika mkoa wa Singida mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 mpaka 800, nayo hunyesha kwa majira mamoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Juu ya hayo mvua yetu haiji kwa upole. Huja kwa nguvu, saa moja au mbili, ikipiga udongo uliokauka na kuachwa wazi, kisha hukimbia. Maji hayo huchukua udongo mwema wa juu, yakaupeleka mabondeni, na mengi huishia katika mbuga za Wembere na ziwa Kitangiri. Udongo ule haurudi tena.

Watu wa zamani walijua kuishi na nchi hii. Walipanda mtama na uwele, walikausha mlenda na majani ya kunde kwa ajili ya kiangazi, tena waliacha sehemu za mashamba zipumzike. Siku hizi watu wameongezeka, na mashamba hayapumziki. Tena umekuja ukulima wa kuuza: vitunguu, nyanya, na mboga nyingine. Vitunguu vya Singida vyajulikana katika masoko mengi ya nchi yetu, nasi twamshukuru Mungu kwa fedha hiyo, maana imewasomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Lakini kitunguu kina mizizi mifupi. Chataka maji mara kwa mara. Kwa hiyo mkulima wa kiangazi hukifuata kijito, akalima ukingoni kabisa. Hapo ndipo shida inapoanza.

III. Ungamo letu

Hatupendi kuwafundisha wengine huku tukilificha kosa letu wenyewe. Kwa miaka kadha wa kadha bustani ya nyumba ya mchungaji ilikuwa hatua thelathini tu kutoka kijitoni. Tulifyeka matete, tukakata mikuyu miwili kwa sababu kivuli chake kilizuia vitunguu, tukalima mpaka mahali ambapo jembe liligusa matope. Mavuno ya miaka miwili ya kwanza yalikuwa mazuri, nasi tuliwaonyesha wageni kwa furaha.

Mwaka wa tatu ukingo ulianza kubomoka wakati wa masika. Mwaka wa nne maji yaliyokuwa yakibaki mpaka Septemba yalikwisha mwezi wa Julai. Akina mama wa upande wa chini wakaanza kuchimba mchangani kwa mikono na sahani. Tulisema moyoni, “Ni mvua chache tu.” Kweli mvua zilikuwa chache, lakini mvua hazikuikata mikuyu.

Jioni moja tulikuwa tumemaliza kuvinyunyizia vitunguu dawa ya wadudu, na bomba tulilisuuza kijitoni, kama tulivyozoea. Akaja mama mmoja, mshirika wetu, na ndoo kichwani. Akasimama, akasalimu kwa adabu, kisha akasema, “Baba Mchungaji, vitunguu vyenu vimestawi. Ila naomba kuuliza: maji haya niwapikie watoto, au ningoje kwanza?”

Hatukuwa na jibu. Na mzigo ukazidi kuwa mzito, maana miezi michache nyuma tulikuwa tumehubiri juu ya Ezekieli 34, habari za kondoo wanono wanaokunywa maji safi, kisha wanayachafua kwa miguu yao yale yaliyobaki, na wenzao hawana budi kuyanywa yaliyochafuliwa. Tulikuwa tumewaeleza watu kwamba kondoo wale ni wakubwa wa dunia. Usiku ule tulitambua kwamba kondoo mmojawapo ni mchungaji mwenyewe.

Tulilipeleka neno hili mbele ya wazee. Mzee mmoja akatukumbusha ya kwamba hata sheria ya nchi yalisema: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambamo haziruhusiwi kazi za kudumu wala kazi ziwezazo kuuharibu ukingo ule. Tukapima kwa kamba. Bustani yetu yote ilikuwa ndani ya mpaka huo.

Basi tuliihamisha kwenda juu, penye udongo mgumu zaidi, na mwaka wa kwanza tulivuna nusu tu ya yale tuliyozoea. Tusiwadanganye ninyi wasomaji: kutunza kuna gharama. Tena lilitokea neno gumu kuliko hili. Miongoni mwa waliolima ukingoni walikuwamo wajane wawili ambao hawakuwa na kipande kingine cha nchi. Mzee mmoja akasema sheria ni moja kwa wote, waondoke. Mwingine akasema waachwe, kwa sababu ni maskini. Walizungumza siku mbili. Mwisho ilionekana kwamba kuwaondoa bila kuwapa mahali ni dhuluma, na kuwaacha pale ni kuwanyima maji maskini wenzao wa upande wa chini. Kwa hiyo sehemu ya kiwanja cha kanisa, ambayo ilikuwa imekaa na magugu, waliazimwa wale wajane, na vijana wakawachimbia mashimo ya samadi. Ukingoni tuliacha matete yaote tena, tukapanda miche ya mikuyu. Maji hayajarudi kama zamani. Lakini mwaka jana yalibaki mpaka mwanzo wa Agosti, na bomba la dawa halioshwi tena kijitoni.

IV. Namna ya kutunza

Sasa tuseme kwa ufupi mambo ambayo kila mwenye bustani aweza kuyafanya.

1. Udongo ufunikwe. Nyasi kavu, mabua, na majani yaliyopaliliwa yasichomwe moto. Yalazwe kati ya mistari ya mboga. Huzuia jua kulinyonya unyevu, huvunja nguvu za mvua, na yakiisha kuoza huwa chakula cha udongo. Tuziache desturi za kuchoma shamba ili lionekane safi. Shamba lililochomwa ni safi machoni, lakini lina njaa.

2. Udongo ulishwe. Samadi mbichi isitiwe moja kwa moja kwenye miche, maana itaiunguza, tena huleta magugu. Irundikwe pamoja na majani makavu, majani mabichi na majivu kidogo, ilowanishwe, igeuzwe kila baada ya majuma mawili au matatu. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa mboji nyeusi isiyonuka. Mbolea ya dukani si dhambi, lakini itiwayo peke yake mwaka hata mwaka haijengi udongo.

3. Maji yazuiwe yasikimbie. Penye mteremko matuta na makinga maji yapite kukata mteremko, yasishuke nao. Katika kiangazi mboga zinyweshwe jioni au alfajiri, na maji yaelekezwe shinani. Maji ya kuoshea vyombo na kunawia yafaa sana kwa mipapai na migomba iliyo nyumani.

4. Mazao yabadilishwe mahali. Vitunguu vikifuata vitunguu mahali pale pale, magonjwa na wadudu wake huzoea na kukaa. Afadhali baada ya vitunguu zije kunde au maharage, ambayo hurutubisha udongo, kisha mchicha au kabichi, na vitunguu virudi mwaka wa tatu. Vivyo hivyo nyanya zisifuatane na bilinganya wala viazi mviringo, kwa sababu ni jamaa moja, na ugonjwa wao ni mmoja.

5. Dawa zitumiwe kwa hofu. Kwanza mkulima ajaribu njia nyepesi: kung'oa mimea yenye ugonjwa, kupanda kwa nafasi, na kunyunyizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Ikiwa hapana budi kutumia dawa kali, asome maandishi ya chupani, au amwombe ajuaye kusoma amsomee. Maandishi hayo hutaja kipimo, tena hutaja siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mtu avunaye leo mboga alizozipulizia jana, akazipeleka sokoni, amevunja amri ya tano, hata kama hakuna amwonaye. Wala nyuki wasisahauliwe: dawa isipulizwe asubuhi wakati mimea ina maua, maana bila nyuki maboga na matango hayazai, na alizeti hupungua.

6. Kila nyumba iwe na miti ya matunda. Mpapai huanza kuzaa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Mwembe uliotokana na kokwa hukawia miaka sita au zaidi, bali ule uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Kubebesha ni kazi ya kisu kikali na mkono mtulivu, na vijana wetu waweza kujifunza kwa bwana shamba. Shimo lichimbwe kabla ya mvua, litiwe samadi iliyooza, na mche uzungushiwe miiba kwa sababu ya mbuzi. Miche mingi hufa kwa mbuzi kuliko kwa jua.

7. Mavuno yasipotee. Vitunguu ving'olewe majani yakiisha kulala, vikaushwe kivulini penye upepo mpaka shingo zikauke kabisa, ndipo vikatwe na kuwekwa juu ya kichanja. Kitunguu kilichowekwa kibichi huoza, na kazi yote ya maji na samadi imekuwa bure.

V. Mifano ya jirani zetu

Mtu aweza kusema, “Mambo haya ni madogo mno.” Basi tuangalie mifano. Huko Mpwapwa, kuanzia mwaka 1933, walipimwa vipande vya ardhi ili ijulikane mvua huondoka na nini. Kipande kilichoachwa wazi kabisa kilipoteza yapata nusu ya mvua yake, na zaidi ya tani 140 za udongo kwa hekta moja katika mwaka mmoja. Kipande cha uwele kilipoteza yapata robo ya mvua, na udongo karibu tani 80. Lakini kipande kilichofunikwa na majani ya kudumu kilipoteza chini ya sehemu mbili katika mia za mvua, wala udongo haukuondoka. Mvua ni ile ile, mteremko ni ule ule. Tofauti ilikuwa kifuniko tu.

Katika Kondoa, nchi iliyojaa makorongo, serikali ilianza kazi ya kuhifadhi ardhi mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Majani na miti ikarudi, lakini wenye ng'ombe waliumia sana. Huko Shinyanga, kwa jirani zetu Wasukuma, kazi ilianza mwaka 1986 kwa njia nyingine: wakulima waliombwa kuirudisha desturi yao wenyewe ya ngitili, yaani kuyafunga malisho na vichaka vipumzike. Mwanzoni ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600. Miaka kumi na mitano baadaye zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Watu walikuwa wakilirudisha jambo ambalo baba zao walilijua.

Kinyume chake, katika milima ya Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na udongo mbaya wa chini ulifukuliwa ukawa juu, mazao yakapungua. Mwaka 1955 watu walikataa kwa ghasia, na kazi ile ikakoma. Lakini Machakos, katika Kenya, nchi iliyodhaniwa kufa katika miaka ya 1930, wakulima Wakamba baadaye walichimba matuta kwa hiari yao, kwa sababu waliona faida katika matunda na mboga walizouza. Na ingawa watu wameongezeka zaidi ya mara tano kati ya mwaka 1930 na 1990, udongo ulihifadhiwa kuliko mwanzo. Kwa hiyo twajifunza kwamba mkulima ashurutishwaye huacha kazi msimamizi akiondoka, bali yeye aliyeelewa faida yake huendelea, tena huwafundisha wanawe. Walimu, shikeni neno hili mnapofundisha.

VI. Malengo ya mataifa na malengo ya nyumba

Mwezi wa Septemba mwaka 2015 mataifa yote ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana malengo 17 yatakayotimizwa kufikia mwaka 2030. Miongoni mwake ni kukomesha njaa kwa ukulima usioharibu ardhi, kupata maji safi kwa wote, kupunguza chakula kinachopotea, na kuhifadhi nchi na miti. Tena mwaka 2021 uliwekwa kuwa mwaka wa matunda na mboga duniani pote. Waganga wa afya wa mataifa wanashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Ni huzuni kuona nyumba ivunayo magunia ya vitunguu na nyanya, na watoto wake wanakula ugali na chumvi kwa sababu kila kitu kimeuzwa.

Malengo ya mataifa ni mema, lakini New York ni mbali na Ulemo, na lengo lisilo na mwenyewe halitimizwi. Kwa hiyo twaomba kila nyumba ya Mkristo ijiwekee malengo yake kwa mwaka huu: miti mitatu ya matunda ipandwe na kuzungushiwa miiba, shimo moja la mboji lichimbwe, tuta moja la mboga liachwe kwa chakula cha nyumba, wala lisiuzwe, dawa isikaribie maji, na jembe lisivuke mpaka wa mita 60. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji moyo wa kumkumbuka jirani anywaye upande wa chini, na mtoto asiyezaliwa bado.

Ndugu wapendwa, nchi si mali yetu. Tumeazimwa, nasi tutaulizwa. Yule mama mwenye ndoo alituuliza kwa upole; siku moja tutaulizwa na Mwenye bustani mwenyewe. Na tuombe neema yake, ili siku hiyo tuwe na la kujibu.

Maswali ya kuzungumza katika mitaa

1. Katika Mwanzo 2:15 mtu alipewa kazi mbili. Ni ipi tunayoiacha sisi wa mtaa huu, na kwa sababu gani?
2. Someni Ezekieli 34:17–19. Ni nani anywaye maji upande wa chini wa bustani zetu?
3. Kama katika mtaa wenu wako wajane au maskini walimao ukingoni, kanisa na ndugu zao wawasaidieje kabla ya kuwaambia waondoke?
4. Desturi gani ya wazee wetu ya kutunza ardhi yafaa kurudishwa, kama ngitili zilivyorudishwa Shinyanga?
5. Kila mmoja ataje lengo moja atakalolitimiza kabla ya mvua za kwanza. Mwalimu na ayaandike, nayo yasomwe tena siku ya sikukuu ya mavuno.